Nyundo Nakuachia Wewe

Mjukuu wangu,

Mama yako alinisomea kwa simu barua yako ya kuitwa kazini, nikamwomba arudie mara tatu lile neno moja: Mkaguzi. Kisha nikamwambia nina usingizi, nikakata simu, nikalia peke yangu chumbani. Haikuwa furaha tupu. Leo mkono umetulia kidogo, nimewekewa meza barazani, naandika kabla dawa hazijanilaza tena.

Mambo ya nyumba na ya shamba la Pongwe yameshaandikwa, wazee wawili wa msikitini ni mashahidi, na kila mmoja wenu atapata fungu lake. Barua hii haihusu hayo. Uvunguni mwa kitanda changu kuna sanduku la bati la kijani. Ndani mna nyundo ndogo isiyofika nusu kilo, mpini wake nimeubadilisha mara tatu. Mna tochi ya chuma isiyowaka, na mna madaftari kumi na manne. Hivyo vyote ni vyako.

Nianze na nyundo. Chuoni mmefundishwa kupima unene wa chuma kwa mashine ya mawimbi ya sauti, jambo jema, itumie. Lakini mashine unaipeleka mahali unapopashuku, na mahali pa kushuku utapajua kwa sikio na jicho kwanza.

Ukienda kukagua boila, ikishapoa na kumwagwa maji unafungua tundu la juu, unaiacha ipate hewa, unahakikisha pamebaki mtu nje anayejua uko ndani, kisha unaingia, miguu kwanza. Mle mna harufu ya kutu na ya maji yaliyolala. Unaipiga tochi ubavuni, unagonga. Chuma kizima hulia kama kengele ya shule ya mbali; chuma kilicholiwa hujibu kama mtungi wenye ufa. Unagonga tena pembeni yake, unaweka kiganja, unakwangua kwa ukucha. Chini yako yamejipanga mabomba ya moto kama fito za ukuta, na juu yake unatafuta magamba meupe ya chokaa, yale yanayoachwa na maji yasiyotiwa dawa. Gamba likinenepa, joto halipenyi kwenda kwenye maji, linabaki ndani ya chuma. Chuma kinalegea, kinavimba, na siku moja kinapasuka. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Fikiria tani za maji ya moto zilizofungiwa humo, zikipata mlango mdogo, na mtu amesimama mbele ya mlango huo na koleo lake mkononi.

Nimekueleza yote haya kwa sababu kuna siku mwaka 1986 sikuyafanya.

Fungua daftari la saba, ukurasa uliokunjwa pembe. Kiwanda sitakitaja, wala mkoa. Kilikuwa cha shirika la umma, na unajua habari za miaka ile: fedha za kigeni hakuna, vipuri hakuna, viwanda vingi vinafanya kazi sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Meneja alikuwa mtu mwema. Nasema mwema na sibadilishi. Tuliswali pamoja adhuhuri, akaniuliza habari za mama mzazi, akaniambia: “Ndugu mkaguzi, nikiizima hii boila kupoa ni siku mbili, kuiwasha tena ni siku nzima. Mali ghafi niliyonayo itaoza uani. Nina watu mia nne, mshahara wa mwezi uliopita bado sijawalipa. Itazame kwa nje, nasi msimu ukiisha tutaizima uingie mpaka uchoke.”

Nikaitazama kwa nje. Geji ilikuwa chini ya mstari mwekundu. Kioo cha maji kilikuwa safi. Vali ya usalama nikaijaribu, ikafoka vizuri. Nikasoma kitabu cha zamu, kimejazwa kwa mwandiko wa kupendeza. Kisha nikakaa ofisini kwake, nikachukua fomu, na pale palipoandikwa ukaguzi wa ndani nikaandika: hali ni nzuri. Nikatia sahihi. Nikagonga muhuri.

Sikupewa hata senti, na hilo nataka ulishike sana. Hapakuwa na bahasha, hapakuwa na chai, wala kuku aliyefungwa miguu akawekwa nyuma ya gari. Ningepewa bahasha ningeijua, ningeikataa, nilikuwa nimeshazikataa nyingi. Kilichonipata ni haya. Niliona haya kumkatalia mtu mwema aliyekuwa na shida ya kweli.

Wiki ya tano bomba moja lilipasuka. Mvuke ulitokea mlango wa tanuri. Aliyekuwa zamu ni kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyeoa miezi michache kabla. Aliungua uso, kifua na mikono yote miwili, na sikio la kushoto halikusikia tena. Nilipoitwa na kuingia boila ikiwa baridi, magamba yalikuwa na unene wa sarafu mbili zilizopandanishwa. Nisingehitaji hata nyundo. Mtoto wa darasa la nne mwenye tochi angeyaona.

Subiri, bado sijafika pabaya. Uchunguzi ulipofanywa, walilitazama jalada. Cheti kipo, kina wiki tano tu, kinasema ndani hali ni nzuri. Basi kama boila ilikuwa nzima, kosa ni la nani? La aliyeiendesha. Wakaandika kwamba aliacha maji yakashuka, wakaandika neno “uzembe”. Karatasi yangu ndiyo iliyomhukumu. Nami nilikuwepo kwenye kikao hicho, nimevaa suti ya Kaunda, nikanyamaza. Kwa sheria ya fidia ya wakati ule kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno hata kwa asiye na hatia, na neno lile likafanya hata hicho kiwe cha kubembeleza.

Mwaka uliofuata nilimwendea mkuu wangu, nikamweleza kwa mdomo. Akaniambia niliache, limeshapita, nitaichafua ofisi. Nikaliacha. Nililiacha miaka sita. Nilipanda cheo humo humo.

Mwaka 1993 nilisafiri kwenda kwao. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe anasuka ukili kwa vidole visivyokunjika vizuri. Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Alinyamaza kitambo kirefu, vidole vikiendelea na kazi. Kisha akaniuliza swali moja: “Ungeingia, ungeona?” Nikamjibu ningeona. Akasema, “Basi kaandike.”

Nikaandika. Kurasa mbili, zikapokewa masijala, zikagongwa muhuri wa tarehe. Nilionywa kwa maandishi na kusimamishiwa nyongeza ya mshahara, halali yao. Baada ya muda mrefu wa kufuatilia neno uzembe likaondolewa kwenye kumbukumbu zake. Fedha hazikuongezeka. Lakini aliitunza ile barua ya kusafishwa jina ndani ya mfuko wa nailoni, na kila nilipomtembelea aliitoa tuisome.

Ndiyo maana, mjukuu wangu, sitaki uingie kazini ukidhani maadili ya mtumishi wa umma ni kutokula rushwa tu. Utapewa kijitabu cha kanuni za maadili, utakula kiapo, utasoma humo habari za huduma bora, bidii, kutopendelea, uadilifu, kuheshimu sheria. Yote ni kweli. Sisi tulilelewa na maneno mengine yenye maana ile ile. Tulitamka kwa sauti, vijana tumesimama mstari, kwamba cheo ni dhamana na rushwa ni adui wa haki. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967 nikiwa mwanafunzi wa ufundi, nami nililiamini kwa moyo wote, na bado sijaona aibu kuliamini. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yalilegezwa. Wako watakaokuambia yalikuwa magumu mno kwa binadamu wenye watoto wa kusomesha, na katika hilo sina ugomvi nao. Ila nilishuhudia kilichofuata ofisini. Wenzangu walianza kuwa na vikampuni. Huyu anauza mitungi ya kuzimia moto, yule ana mshirika anayefundisha huduma ya kwanza, mwingine shemeji yake anatengeneza boila. Asubuhi anakagua, anaandika kasoro. Jioni shemeji anapiga simu kwa meneja kuuza dawa ya kasoro hiyo. Kila kitu kina risiti. Na meneja, ambaye si mjinga, hununua, kwa kuwa anajua anachonunua si mtungi.

Usimuuzie unayemkagua. Hata jirani yako asimuuzie kwa kutaja jina lako. Mtu akija nyumbani na wazo la biashara ya vifaa kinga, mkaribishe chakula, umwambie hapana kabla hajanawa.

Habari ya usafiri sasa. Utacheka, lakini wengi walianguka hapo. Gari la ofisi litakuwa bovu, au halina mafuta, au bosi amekwenda nalo semina. Kiwanda kitatuma gari lake jeupe lenye kiyoyozi likuchukue. Dereva atakuita mheshimiwa. Ukifika, chai iko tayari, saa nne na nusu imeshapita, na mhandisi wao anasema jua kali, tuanze na taarifa ofisini. Saa saba chakula. Saa tisa dereva anataka kurudi mjini kabla ya foleni. Hesabu mwenyewe umebakiza muda gani wa kuingia mtamboni. Nenda kwa basi. Shuka njia panda, panda bodaboda, fika na vumbi lako mlangoni wakati hawakutarajii. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 imekupa ruhusa ya kuingia mahali pa kazi, kuuliza, kuchukua sampuli, na kusimamisha kinachotishia uhai. Beba na chakula chako. Mimi baada ya 1986 nilibeba muhogo wa kuchemsha kwenye kopo, nikala na vijana wa zamu kwenye kivuli cha ghala, na siri za mtambo nilizipata pale kwenye muhogo. Ndipo niliposikia kwamba vali ya usalama ya kiwanda fulani hufungwa waya usiku ili presha ipande, na kufunguliwa alfajiri. Hakuna kitabu cha zamu kitakachokuandikia jambo hilo.

Watasema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo nimeitiwa sikioni na wakubwa na wadogo, kana kwamba wahenga waliitunga kwa ajili ya ofisi za serikali. Mshahara wako si mkono mtupu. Unalipwa na yule kijana wa zamu, kupitia kodi anayokatwa kabla hajashika chake, na hakuna mahali pengine anapoweza kukununua isipokuwa hapo.

Sasa amri za simu. Hili litakukuta, nalo litakukuta mapema kwa kuwa wewe ni mgeni na ni binti. Utakuwa umesimamisha mtambo. Mwenye kiwanda atampigia mtu, mtu atampigia mkubwa wako, naye atakupigia wewe: wafungulie, nitakuja kuangalia mwenyewe. Usibishane naye kwenye simu. Sema, nimekusikia, mkuu. Kisha kaa chini, siku hiyo hiyo, andika dokezo: rejea mazungumzo yetu ya simu ya leo saa fulani, umeelekeza hivi, hali ya mtambo ni hii, naomba maelekezo hayo kwa maandishi ili nitekeleze. Lipeleke masijala liingie kwenye jalada lenye namba, na nakala uweke kwako. Mara nyingi sana, mjukuu wangu, maelekezo ya maandishi hayatakuja, na mtambo utabaki umezimwa mpaka utengenezwe. Nami ningeyajua haya mwaka 1987, nilipokwenda kwa mkuu wangu na mdomo mtupu, yule kijana asingebeba neno lile miaka yote.

Kuwa mwanamke kutakuletea mengine ambayo mimi sikuyaonja, kwa hiyo nakuambia kidogo tu. Watakuambia tundu la boila ni dogo, mna joto, utachafua nguo, tuma fundi akuangalilie. Nenda na ovaroli yako mwenyewe na buti zako mwenyewe. Tundu hilo halikunitosha vizuri nilipofika miaka hamsini na kitambi, wewe utapita. Na asiyeingia asitie sahihi. Kama hali hairuhusu kuingia, basi kwenye fomu andika kwamba hukuingia na kwa nini, na cheti usitoe. Kuna nafasi ya kuandika hivyo kwenye kila fomu, hata ikibidi pembezoni kwa kalamu.

Usidhani pia kwamba mambo haya yanaishia ndani ya uzio. Vuka mpaka hapo Horohoro, nenda Mombasa, kitongoji cha Owino Uhuru. Kuanzia 2007 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kupata risasi, kimepakana na nyumba za watu kiasi cha elfu tatu. Moshi ulipita kwenye mabati ya nyumba, maji machafu yalipita wanapochezea watoto. Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, mwanawe mdogo aliugua, wakakuta ana sumu ya risasi mwilini. Ndipo akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, nayo ilisambaza mzigo huo: sehemu kwa kampuni, na sehemu kubwa zaidi kwa taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Kesi iliendelea kupanda mahakama za juu. Mimi nilipoisoma hukumu ile kwenye gazeti sikumfikiria mwenye kiwanda, maana mwenye kiwanda alikuwa anatafuta faida na hakuficha. Niliwafikiria maofisa. Kila kibali kina mtu aliyekiandika mezani, akanywa chai yake, akaenda nyumbani kwa watoto wake. Nilitaka kujua kama walilala.

Na Mei 2024 nilikuwa kitandani redio ikiwa karibu na mto, wakatangaza bomba la mvuke kupasuka kiwandani Turiani, Morogoro, watu kumi na mmoja wamekufa. Bibi yako alidhani nimezidiwa. Nilikuwa nawaombea mafundi wale dua, na nikijikuta nauliza hewani kama wako waliokuwa na wake wapya.

Ukiniuliza kama kazi hii italipa, nitakujibu kweli: ina siku za upweke. Utakuwa mtu asiyealikwa kwenye sherehe za wenye viwanda. Wenzako watakuita mwenye kujifanya. Utapelekwa kituo cha mbali ambako umeme ni wa kubahatisha, nami nilipelekwa, na baba yako alizaliwa huko. Usimchukie meneja lakini. Mwache akuambie shida zake zote, mwandikie muda wa kutengeneza kama hatari inaruhusu kungoja, mwonyeshe namna ya kutibu maji kwa gharama ndogo, mpigie simu wewe kwanza kabla ya notisi kufika ikiwa hiyo itamwokoa na fedheha. Huruma yako yote mpe, isipokuwa sahihi.

Madaftari yasome taratibu, usiku, na usimwonyeshe mtu majina yaliyomo. Tochi ipeleke kwa fundi wa barabara ya kumi na mbili, anasema swichi tu ndiyo imekufa.

Na yule mzee, maana sasa naye ni mzee, bado yuko kwao. Anwani iko nyuma ya daftari la saba. Kila mwaka baada ya Idi kubwa nilikuwa nakwenda na kilo mbili za kahawa na sukari, na mwaka huu sitafika. Nenda wewe. Jitambulishe kwamba ni mjukuu wangu na kwamba umeanza kazi. Kaa upande wake wa kulia, kwa sababu kushoto hasikii. Akitoa ile barua kwenye nailoni, msomee polepole mpaka mwisho, hata kama anaijua kwa moyo. Usimpe fedha mbele ya wanawe. Na ukiwa na nyundo mkobani, mwonyeshe. Aliwahi kuniuliza inafananaje, nami kila safari nilisahau kuibeba.

Babu yako